Mzee wangu moyo umetanuka na hataki vidonge. Inawezekana kuishi bila dawa?

Kijana_wa_Konde

Assalaam aleikum wanajamvi. Naomba mawazo, hasa kwa waliowahi kuuguza.

Baba yangu ni mkulima wa mikarafuu, miaka sitini na kitu. Presha anayo siku nyingi na dawa zake alikuwa anameza akikumbuka. Mwaka huu akaanza kuchoka hovyo. Kutoka nyumbani hadi msikitini si mbali, lakini anasimama njiani kuvuta pumzi. Usiku akilala bapa anakurupuka anahema, mpaka tumuwekee mito mitatu aegemee. Miguu ikajaa. Jirani akatwambia hayo matende, mchueni kwa mafuta. Tukampeleka hospitali, wakampiga eksirei, wakampima na ile ya eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, wakasema moyo umetanuka, hausukumi damu ipasavyo na maji yamekaa kwenye mapafu. Alilazwa, akakojoa usiku kucha kwa sindano, miguu ikapungua, akarudi nyumbani yu mzima wa maneno.

Tatizo limeanza hapo. Amekuja na mfuko wa vidonge, vyengine vya asubuhi, vyengine vya jioni. Ndugu yetu mmoja kamwambia aviache, atumie habasoda, asali, kitunguu thomu, apige na chuku ya kutoa damu, na apunguze chumvi. Baadhi ya vidonge keshaviacha. Naulizia: kuna mtu anayemjua mgonjwa wa aina hii anayeishi bila dawa? Kama ipo njia, nielezeni. Kama haipo nielezeni vilevile, ila kwa sababu, maana mzee wetu habebwi kwa amri.

Abu_Salma

Waaleikum salaam. Yakhe, njia ipo. Ami yangu aliambiwa hivyohivyo, akarudi kwenye miti shamba, leo anakwenda shamba mwenyewe. Hizi dawa za hospitali ukianza huachi, na ndivyo wanavyotaka. Biashara tu. Punguza chumvi, kunywa maji mengi yasafishe mwili, na dua.

Mke_wa_Baharia

Maji mengi kwa mtu aliyejaa maji kwenye mapafu? Subhanallah. Abu Salma, hapo ungenyamaza kidogo.

Bi_Nesi_Mstaafu

Waaleikum salaam mwanangu. Pole kwa kuuguza. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, Unguja na Pemba, na wagonjwa wa namna ya baba yako nimewahudumia wengi.

Nianze na matende, maana jirani yenu hakutoa neno hilo hewani. Kisiwa chetu matende tumeishi nayo na kila mguu uliovimba watu wanaita hivyo. Mkalishe mzee, umbonyeze kwa dole gumba mbele ya muundi, juu kidogo ya kifundo, uhesabu taratibu mpaka kumi, kisha uachie. Likibaki shimo linalojaa polepole, na miguu yote miwili ni hivyo, ndani kuna maji. Yanaweza kuwa ya moyo, figo au ini, vipimo ndivyo vinavyosema. Matende ya muda mrefu mara nyingi huwa makubwa zaidi mguu mmoja kuliko mwengine, ngozi inakuwa nene na ngumu, na ukibonyeza hakuna shimo la maana. Kumchua mafuta mtu wa moyo hakumpunguzii hata tone.

Sasa swali lako. Yapo mambo mengi yasiyo vidonge, na ni ya kweli. Wala hayafanywi na daktari, yanafanyika jikoni kwenu na chumbani kwa mzee. Lakini yanakwenda pamoja na vidonge. Nitayaeleza yote, ila kwanza nifanyie jambo moja. Nenda ukakae na baba yako peke yenu, bila huyo ndugu wa habasoda, umuulize kidonge gani hasa ameacha na kwa nini. Usimuulize mbona humezi dawa. Muulize hichi kinakufanya nini, na hichi je. Wazee wetu hawaachi dawa kwa falsafa. Kuna kitu kinamkera na anaona haya kukisema.

Kijana_wa_Konde

Ahsante bibi. Ntamuuliza baada ya isha inshaallah.

Tabibu_Kisiwani

Nachangia kama mtu wa fani, ingawa simjui mgonjwa, kwa hiyo msichukue maneno yangu badala ya daktari wake.

Abu Salma, ami yako simkatai. Lakini aliambiwa ana nini hasa, na kwa sababu gani? Moyo kushindwa kufanya kazi ni mahali mtu alipofika, na njia za kufika hapo ni nyingi. Kwetu Afrika iliyo kubwa ni presha isiyotibiwa. Utafiti mmoja uliochapishwa 2012 uliwafuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa tatizo hili katika nchi 9 za Afrika kusini mwa Sahara. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 52 na karibu nusu yao chanzo kilikuwa presha. Wenzetu Ulaya wanaugua zaidi wakiwa na miaka 70 na kuendelea, na sababu kubwa kwao ni mishipa ya moyo kuziba. Halafu kuna watoto na vijana wetu wenye valvu (milango ya ndani ya moyo) zilizoharibika kwa homa ya baridi yabisi, iliyoanza na mafindofindo yasiyotibiwa. Kuna waliopungukiwa damu sana, kuna tezi la shingo linalofanya kazi kupita kiasi, kuna pombe, kuna wanawake baada ya kujifungua.

Upungufu wa damu, tezi au pombe, ukikiondoa chanzo moyo unaweza kurudi vizuri sana. Valvu inaweza kuhitaji upasuaji, na wengi wetu hupelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kule Muhimbili. Basi pengine ami yako alikuwa kwenye hilo kundi la mwanzo, na sifa zikaenda kwa mti aliokuwa akiunywa. Mzee wa presha ya miaka mingi ambaye moyo umeshatanuka hayumo kundi hilo.

Abu_Salma

Daktari, hizo dawa zinaponya? Jibu ndiyo au hapana. Kama haziponyi, tofauti yake na habasoda ni ipi?

Tabibu_Kisiwani

Wengi haziwaponyi kwa maana ya kumaliza maradhi. Zinawafanya wasife mapema na wasirudi wodini. Tofauti imepimwa. Mwaka 1987 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa Norway, Sweden na Finland kwa wagonjwa 253 waliokuwa hoi, anayehema hata akiwa amekaa. Nusu walipewa enalaprili, kidonge cha presha na moyo, nusu kidonge kisicho na kitu ndani, na wote waliendelea na dawa zao nyengine. Baada ya miezi 6, kundi lisilo na dawa walikufa 44 katika kila 100. Kundi la enalaprili 26. Hichi ndicho kidonge kinachouzwa kila duka la dawa hapa kwetu na si cha bei ya ajabu. Mwaka 1999 spironolaktoni, kidonge chengine cha moyo, ikaonesha kupunguza vifo kwa kiasi cha asilimia 30, na dawa za kupunguza mapigo, jamii ya bisoprololi, zikaonesha karibu kiasi hicho hicho mwaka huo huo. Habasoda ikifanyiwa jaribio kama hilo ikashinda, mie wa kwanza kuiandika kwenye cheti.

Na kuhusu mti dhidi ya kidonge: kuna kidonge cha moyo kinaitwa digoksini ambacho asili yake ni jani la mmea wa Ulaya. Daktari wa Kiingereza William Withering alilikuta kwenye dawa ya bibi mmoja wa mashamba aliyekuwa akitibu uvimbe wa maji kwa mchanganyiko wa mitishamba. Withering akatafuta ni jani lipi linalofanya kazi, akapima kiasi, akaandika na waliodhurika, akachapisha 1785. Jani lile likizidi kidogo linaua. Kwa hiyo sina ugomvi na mti. Ugomvi wangu ni na chupa isiyo na kipimo, anayopewa mtu mwenye figo zilizochoka.

Ummu_Harith

Mie ni mgonjwa mwenyewe, nakaa Unguja. Moyo wangu ulitanuka baada ya kumzaa mwanangu wa pili. Miguu ilivimba nikaambiwa uzazi huo, nikakohoa nikaambiwa baridi. Nilipofika hospitali ya Mnazi Mmoja nilikuwa siwezi kumaliza sentensi. Namshukuru Mungu dawa zilinikubali na eko ya mwisho ikatoka nzuri kabisa. Sasa watu wa nyumbani wananambia umeshapona, acha. Na mie nafsi yangu inataka. Tabibu, hapo pia jibu ni lilelile?

Tabibu_Kisiwani

Ummu Harith, swali hilo limewahi kufanyiwa utafiti London kwa watu wanaofanana nawe: moyo ulitanuka, wakatibiwa, dalili zikaisha, eko ikarudi vizuri. Walikuwa 51. Kundi moja la watu 25 likapunguziwa dawa taratibu chini ya uangalizi mkali mpaka zikaisha, jengine likaendelea nazo. Ndani ya miezi 6, watu 11 katika wale 25 ugonjwa uliwarudia. Walioendelea na dawa hakuna hata mmoja.

Waliopata kwa sababu ya uzazi wengine huachishwa, ila anayeamua ni daktari wa moyo, kidogo kidogo, na eko za kurudia. Usiache mwenyewe. Hasa ile ya kupunguza mapigo, ukiikata ghafla moyo unaweza kwenda mbio kwa hatari. Na kabla hujafikiria mimba nyengine, ongea naye kwanza. Hilo ni zito kuliko la vidonge.

Ummu_Harith

Nimekufahamu. Hilo la mimba hakuna aliyenambia.

Bi_Nesi_Mstaafu

Narudi kwenye ya jikoni niliyoahidi.

Chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kimoja kwa vyakula vyote, na humo imo chumvi usiyoiona. Pemba chumvi usiyoiona ndiyo kubwa kuliko ya kwenye kopo. Ng'onda, papa wa chumvi, uduvi, achari, vidonge vya supu, boflo, biskuti, magadi ya kulainishia maharage, chipsi na bajia za urojo. Mtu anajisifu kaacha chumvi mezani, kumbe kitoweo chake ni papa mkavu. Hata ukimroweka usiku kucha, chumvi haitoki yote. Mleteeni samaki mbichi.

Na msimfanye mzee mfungwa kwa kumpikia chungu chake peke yake. Pikeni mchuzi wa nyumba nzima bila chumvi, anayetaka ajitilie kwenye sahani. Sisi tuna bahati wenzetu hawana: ndimu, ukwaju, tangawizi, pilipili manga, bizari, thomu, tui zito. Hapo ndipo kitunguu thomu cha ndugu yenu kinapofaa, kwenye mchuzi! Wiki za mwanzo atalalamika, baadaye ulimi unazoea.

Ila msitarajie chumvi peke yake ifanye kazi ya vidonge. Utafiti uliotoka 2022 uliwabana wagonjwa 806 wale chumvi kidogo sana kwa mwaka mzima, vifo na kulazwa havikupungua kwa kiasi cha kuhesabika, ingawa walijisikia nafuu kidogo. Na wale wote walikuwa kwenye dawa zao.

Mizani. Hii ndiyo silaha ya nyumbani na watu wanaidharau. Kila asubuhi akishakojoa, kabla ya chai, na nguo nyepesi ileile, apande mizani mwandike. Mafuta ya mwili hayaongezeki kilo mbili kwa siku tatu, maji ndiyo yanayofanya hivyo. Akipanda zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu, hata kama anacheka na anakula, apelekwe. Mapafu hujaa kabla mtu hajajua.

Maji ya kunywa. Wengine hupangiwa lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, wengine hawapangiwi, muulizeni daktari wake, hasa kwa joto letu na mtu wa shamba. Akipangiwa, jazeni chupa asubuhi, na kila akinywa chai, uji au supu mmwage kiasi hicho. Chupa ikiisha, basi.

Dafu. Najua mtanisuta. Lakini dafu lina potasiamu nyingi, madini yanayogusa mapigo ya moyo, na mtu anayemeza spironolaktoni pamoja na enalaprili mwili wake unaizuia potasiamu isitoke. Ikizidi, moyo unapiga ovyo na unaweza kusimama. Kipande cha ndizi hakimuui mtu. Madafu ya kila siku "kusafisha figo" ndiyo naogopa, na vilevile zile chumvi mbadala za kisasa za "wagonjwa wa presha", nyingi zina potasiamu nyingi.

Na dawa za maumivu. Mzee wa shamba mgongo unamuuma, anakwenda duka la dawa anauziwa diklofenaki au Brufen bila kuulizwa chochote. Hizo zinafanya figo zishike maji na chumvi, na kazi yote ya kidonge cha maji, kile cha kukojoza, inapotea. Panadoli ya kawaida ina nafuu, ila ile inayochemka kwenye glasi ina chumvi yake.

Chuku sina la kusema sana. Kama damu yake ni pungufu au anameza dawa ya kuyeyusha damu, asithubutu.

Mpemba_wa_Dar

Bibi umetunyima papa wa chumvi, sasa Mpemba abaki na nini? 😂 Swali la kweli: Ramadhani je?

Bi_Nesi_Mstaafu

Abaki na roho yake, baba. Aliyetoka wodini juzi, anayehema, au vidonge vyake havijatulia, asifunge. Mwenyezi Mungu keshamruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyengine, na asiyetarajia kupona kutoa fidia. Aliyetulia muda mrefu baadhi hufunga, madaktari wakimpangia vidonge vya futari na daku. Aende kabla ya Shaabani kwisha, asije kuuliza kumi la pili. Na futari yenyewe isiwe sambusa na supu ya chumvi kali.

Kijana_wa_Konde

Jamani nimezungumza na mzee. Bi Nesi, ulikuwa unaona.

Kidonge cha kwanza alichoacha ni cha maji, Lasix. Anasema anakimeza asubuhi, akikaa msikitini Ijumaa khutba haijaisha mkojo unambana, anatoka mbele za watu, udhu umevunjika, akirudi safu imeshajaa. Imemkuta zaidi ya mara moja na hataki tena. Siku ya kwenda Wete kwenye gari pia hakimezi. Sisi tulidhani ameamua kurudi kwenye miti.

Cha pili ni enalaprili. Anasema tangu akianze koo linamuwasha, anakohoa kikavu usiku kucha mpaka mama kahamia chumba cha pili. Akaona dawa ndiyo inayomuumiza mapafu.

Habasoda anasema ilikuwa ndiyo njia ya kutoka bila kumvunjia daktari heshima.

Tabibu_Kisiwani

Ahsante kwa kurudi na haya, mzee kaeleza vizuri kuliko wagonjwa wengi.

Kikohozi kikavu na koo kuwasha ni tabia inayojulikana ya enalaprili. Si cha kuua lakini kinamkimbiza mtu. Kuna dawa za kundi jirani, kama losatani, ambazo kwa kawaida hazileti kikohozi hicho. Ila msibadilishe wenyewe dukani. Kwanza daktari amsikilize kifua, maana moyo uliojaa maji nao unakohoza, na ukiwa huo atahitaji dawa zaidi. Wampime pia figo na potasiamu kwa damu.

Kidonge cha maji kazi yake huanza ndani ya saa moja na nguvu yake kubwa inamalizika kwenye masaa sita hivi. Mwambieni daktari habari ya Ijumaa wazi kabisa. Mara nyingi mtu huruhusiwa kumeza mapema baada ya alfajiri ikawa imeshapita, au siku hiyo ameze akirudi msikitini. Siku ya safari hivyohivyo, kinasogezwa saa, hakirukwi. Na kisimezwe jioni, atakesha chooni.

Abu_Salma

Mie nilikuwa simjui mzee huyu kama anakohoa. Kama ni hivyo, mpelekeni. Lakini asali mwachieni.

Bi_Nesi_Mstaafu

Asali mwachieni, ila kama sukari anayo, kwa kijiko na si kwa chupa.

Kijana_wa_Konde

Mrejesho. Tumekwenda kliniki na mfuko mzima wa dawa, pamoja na chupa ya mchanganyiko wa ndugu yetu. Daktari hakumgombeza. Mapafu yana maji kidogo, kashikilia kidonge cha maji kirudi leo leo, enalaprili kaondoa kampa losatani, damu imechukuliwa. Ijumaa atameza baada ya sala. Mzee kaniuliza njiani mbona tangu mwanzo hakuulizwa. Sikuwa na jibu.

Nina mawili yamebaki. Msimu wa karafuu unakuja na yeye hataki kukaa ndani. Na mizani tumenunua Chake, lakini kila akipanda inatoa namba tafauti, jana mara 71, mara 68.

Bi_Nesi_Mstaafu

Asipande mkarafuu, awaachie vijana. Kuchambua chini ya kivuli na kugeuza karafuu kwenye jamvi asubuhi kabla jua halijawa kali anaweza, na kutembea kila siku kunamfaa kuliko kulala. Kipimo chake ni mazungumzo: akiwa anafanya kazi na anaweza kuongea nawe bila kukatika pumzi, yumo ndani ya uwezo wake. Akikatika, apumzike. Maumivu ya kifua, kuzimia, povu la pinki mdomoni, au kuhema akiwa amekaa, msisubiri asubuhi wala msimtafute mtu wa chuku, twendeni hospitali saa ileile.

Mizani mmeiweka wapi? Kama ipo juu ya mkeka au jamvi itadanganya. Iwekeni kwenye sakafu ya saruji, pahala pamoja, na msiisogeze.

Kijana_wa_Konde

Ipo juu ya mkeka.